Gari Gani la Kijerumani? Iulizeni Barabara ya Voi

Msomaji aliyepata kusimama Voi katika siku za sikukuu, watu wa Nairobi wateremkapo pwani kwa mapumziko, hapana shaka amewaona vijana hawa. Huja kwa kundi, magari sita, saba, mengine yamepunguzwa kimo hata tumbo lakaribia kugusa lami, na mabomba ya moshi yakibweka kila dereva aondoapo mguu kwenye mafuta. Husimama kituo cha petroli, hujaza matangi, hununua maji ya baridi, kisha hufungua maboneti na kuanza mjadala ambao sijapata kuusikia ukimalizika: katika magari ya mbio ya Kijerumani, lipi ndilo bora?

Nilikuwapo hivi majuzi pamoja na mpwa wangu, tukitoka hitimani Mwatate. Mpwa huyu amerejea kutoka Dubai alikofanya kazi ya ghala kwa miaka sita. Amedunduiza fedha zake kwa jasho la haki, na sasa ana hamu moja tu kifuani. "Mjomba," akaniambia, "hebu tusikize kidogo hapa, kisha twende zetu." Hicho kidogo kilitufikisha adhana ya alasiri.

Mmoja alishikilia Golf GTI. Hoja yake ni kwamba ni gari dogo la adabu, asubuhi lapeleka watoto shuleni na jioni laweza kumwaibisha mwenye gari kubwa. Wa pili alisema hakuna isipokuwa BMW, kwani lasukumwa kwa magurudumu ya nyuma, na huko ndiko kuendesha. Hayo mengine ni kubebwa. Wa tatu alikuwa na Audi la kuvuta kwa magurudumu yote manne, naye aliwacheka wote wawili akawaambia wangoje mvua. Wa nne, aliyewazidi umri, aliegemea Mercedes lake lenye herufi AMG nyuma, akitabasamu kama mtu asiyehitaji kusema neno. Porsche hakuna aliyekuwa nalo, walakini wote walilitaja kwa sauti ya chini, kama watu wamtajao binti wa tajiri.

Nilichogundua ni kuwa walitofautiana katika kila jambo ila mizani. Wote walipima kwa sekunde: gari lachukua sekunde ngapi kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Na walipochoka na sekunde wakaingia katika saa. Mmoja alijigamba, bila ya kuona haya, kwamba ametoka Nairobi hadi pale Voi kwa saa mbili na nusu. Njia hiyo ina kilomita zipatazo 330. Fanya hesabu mwenyewe, ndugu msomaji, kisha ukumbuke malori, ngamia, punda, watoto wa shule na matuta ya Emali na Mtito Andei.

Nilitaka kusema neno, nikajizuia. Mzee aliyeshuka kwenye matatu hasikizwi na watu wa tabo. Kwa kuwa sikusema siku ile, naandika leo.

Swali lao si jipya hata kidogo, na mahali walipoliuliza ndipo lilipojibiwa zamani. Wajerumani si wageni Taita Taveta. Agosti 1914 waliingia Taveta kwa bunduki, wakakaa hadi Machi 1916, na makaburi ya vita vile yangali yakionekana Voi, Maktau na Taveta yenyewe. Marejeo yao ya pili yalikuwa ya heri zaidi, kwani walikuja kwa magurudumu. Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, wapenda magari wa Kenya walianzisha mashindano ya masafa marefu ambayo baadaye tuliyajua kwa jina la Safari Rally. Magari yalitakiwa yawe ya kawaida kama yauzwavyo dukani, na mwanzoni yalipangwa madaraja kwa bei yake, si kwa ukubwa wa injini. Maana yake ni kwamba mtu aliyetaka kununua gari aliweza kuketi barazani na kusoma gazeti, akajua ni gari lipi lililofika na ni lipi lililoachwa kwenye tope.

Na nani aliyefika? Mwaka 1954 alishinda Vic Preston kwa Volkswagen, lile dogo lenye mgongo wa mviringo. Mwaka 1956 ikashinda DKW, gari la Kijerumani ambalo jamaa zake ndio waliorithiwa na Audi ya leo pamoja na zile pete nne. Mwaka 1957 Volkswagen tena. Mwaka 1959 na 1960 Bill Fritschy akashinda kwa Mercedes 219, na 1961 John Manussis kwa Mercedes 220SE. Mwaka 1962 Volkswagen ikarudi kwa mara ya tatu kwa mkono wa Tommy Fjastad. Kwa hesabu yangu, katika mashindano 9 ya tangu 1954 hadi 1962, saba yalichukuliwa na magari ya Kijerumani. 1955 ilikwenda kwa Ford Zephyr ya Kiingereza, na 1958 hakutangazwa mshindi wa jumla.

Sasa tazama ni magari ya namna gani. Volkswagen ile ya 1954 haikuwa na nguvu za farasi hata 40. Golf GTI ya leo, mjukuu wake, ina zaidi ya 200 ikitoka dukani, kabla kijana hajampelekea fundi wa kuichokonoa kompyuta yake. Lakini ile ndogo ilikuwa na mambo matatu ambayo barabara zetu ziliyapenda. Injini yake ilipozwa kwa hewa, kwa hivyo haikuwa na rejeta ya kupasuka wala maji ya kuchemka katikati ya nyika ya Taru. Uzito wa injini ulikuwa nyuma, juu ya magurudumu yenye kusukuma, kwa hivyo ilipanda tope pale ambapo wengine walizungusha tairi bure. Na chini ilikuwa bapa, ikateleza juu ya mgongo wa barabara badala ya kukwama. Dereva wake aliweza kuwa fundi wake.

Wazee wa Taita wanayakumbuka haya vizuri kuliko vitabu. Mguu wa pwani wa Safari ulipita Voi, na mara nyingi magari yalipandishwa vilima vya Taita, kwenye zile njia nyembamba za Wundanyi zenye ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, kisha yakashushwa tena kwenye joto la tambarare. Mashindano yalifanywa wakati wa Pasaka, msimu wa mvua za masika. Mzee mmoja wa Mwatate alinieleza, siku ile ile ya hitima, jinsi walivyokuwa wakikesha kando ya barabara na taa za chemli wakingojea taa za magari zionekane mlimani. "Hatukuuliza nani wa kwanza," akasema. "Tuliuliza ni wangapi wamebaki." Naye hakutia chumvi. Mwaka 1963 yalitoka magari 84 yakafika 7. Mwaka 1968 yalitoka 93, yakafika 7 vile vile. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki kwa Peugeot 404, na wenye umri wangu hawatashangaa, kwani Pijo ndilo lililotubeba sote, watu tisa na mbuzi juu.

Nifike sasa kwa binti wa tajiri. Volkswagen ile ndogo na Porsche 911 ni watu wa ukoo mmoja kabisa. Ya kwanza ilibuniwa na Ferdinand Porsche. Sura ya ya pili, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, ilichorwa na mjukuu wake. Zote zilikuwa na injini nyuma, zote zilipozwa kwa hewa. Mmoja alikulia uani, mwingine akakulia kasri. Na Porsche ilikuja Safari ikitaka ushindi kwa dhati. Mwaka 1972 Sobiesław Zasada wa Poland aliifikisha ya pili, nyuma ya Ford ya Hannu Mikkola. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden akawa wa pili kwa Porsche, nyuma ya Joginder Singh wetu na Mitsubishi yake. Mwaka 1978 kampuni yenyewe ilileta magari mawili yaliyoinuliwa juu na kukingwa chini kwa bamba la chuma. Lilikuwa gari la kutisha kwa mwendo. Vic Preston mdogo, mwana wa yule mshindi wa 1954, akawa wa pili, na Waldegård wa nne. Aliyeshinda? Mfaransa Jean-Pierre Nicolas, kwa Peugeot 504.

Basi yule wa uani alishinda mara tatu, na yule wa kasri hakushinda hata mara moja katika enzi zile. BMW nayo haimo kabisa katika orodha ya washindi. Sisemi haya kuwabeza wenye BMW; gari ni zuri, na mimi nikiona moja la miaka ya 1980 lililotunzwa husimama nikalitazama. Nasema tu kwamba barabara hii ilikuwa na mizani yake, na mizani hiyo haikuwa sekunde.

Wajerumani wenyewe walijifunza. Mwaka 1983 Audi ilileta Quattro zake za magurudumu manne, gari lililokuwa likiogopwa Ulaya nzima. Mikkola akawa wa pili, na Mfaransa Michèle Mouton, mwanamke, akawa wa tatu, jambo lililowafanya wanaume wengi wa baraza letu wanywe kahawa kimya. Lakini ushindi ulikwenda kwa Opel Ascona ya Ari Vatanen, Mjerumani mwingine, asiyekuwa na magurudumu manne ya kusukuma wala sifa nyingi. Audi ilingoja hadi 1987. Na hapa pana jambo ambalo vijana wa Voi wangelipaswa kulijua. Mwaka 1986, baada ya ajali iliyoua watazamaji nchini Ureno, na nyingine iliyomuua dereva Henri Toivonen na mwenzake Sergio Cresto kisiwani Corsica, wakuu wa mchezo waliyapiga marufuku magari yale ya nguvu kupita kiasi. Walioamua hivyo ni watu wa mashindano wenyewe, wala si maimamu au polisi wa trafiki. Ndipo Audi ikaja na gari lake kubwa la familia, Audi 200, la kubeba baba, mama na watoto. Mikkola akawa wa kwanza, Walter Röhrl wa pili. Lilikuwa gari la kwanza la magurudumu manne ya kusukuma kushinda Safari.

Kisha mambo yakageuka. Baada ya 2002 Safari ilitolewa katika ubingwa wa dunia. Iliporudi 2021 ilirudi ikiwa kitu kingine, imezungushwa Naivasha, kilomita za kushindania hazifiki 400, barabara zimefungwa, helikopta juu. Tangu 2021 hadi 2025 kila mwaka imeshinda Toyota. Siwalaumu waandaaji, dunia imebadilika, na magari yale hayawezi tena kuachiwa yapite katikati ya soko. Walakini pwani na Taita tumebaki watazamaji wa televisheni. Kinachotufikia ni yale mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza 2003, ambayo mara kadhaa yamepita huku Taita na kuteremka pwani. Humo Porsche imepata ilichokikosa ujanani: Waldegård alishinda kwa 911 mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 68, Stig Blomqvist 2015, Kris Rosenberger 2019. Ni raha kutazama. Lakini ni mchezo wa matajiri wenye mafundi wanaowafuata kwa malori ya spea, wala hauwezi kumwambia mpwa wangu anunue nini.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Zamani kulikuwa na watu waliotupimia magari mbele ya macho yetu, kwenye njia zetu wenyewe, kwa hatari yao, na jibu likachapwa gazetini. Leo hakuna anayetupimia. Gari la Kijerumani lishukalo bandari ya Mombasa aghalabu limetumika Japani au Uingereza, kwa kuwa huko nako usukani u kulia, na sheria yetu yataka lisizidi umri wa miaka 8. Limetengenezwa kwa barabara laini na kujaribiwa katika uwanja kama ule wa Nürburgring, wenye kilomita 20.8 za lami ya mashindano. Limezoea nchi ambayo sehemu kubwa ya barabara zake kuu haina kikomo cha mwendo, lakini pia haina punda, kila upande una njia yake pekee, na lori likiwa bovu huondolewa upesi. Anayelijaribu kwenye hali zetu ni nani? Ni kijana mwenyewe, usiku, baina ya Manyani na Maungu, akitafuta kujua kama ile namba aliyoisoma kwenye simu ni ya kweli.

Mashindano, basi, hayakuondoka Voi. Yamerudi bila ya saa rasmi, bila ya barabara kufungwa, bila ya daktari, na bila ya mshindi. Kutoka Mtito Andei hadi Mariakani sehemu kubwa ya njia ni ya kupishana, malori yanayokwenda Uganda na Rwanda yamefuatana kama shanga, na basi la usiku halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Anayetaka kwenda 180 hana budi kuyapita yote hayo upande wa wenzake. Ndani ya mji kama Voi au Maungu sheria yasema kilomita 50 kwa saa. Ukiketi pale stendi utaona ni nani anayeijua. Na Tsavo iko pande zote mbili. Ndovu wa rangi ya udongo mwekundu hawaonekani usiku mpaka umewafikia.

Msafiri wa pwani anaujua msikiti wa Mackinnon Road, kando ya reli, ulipo ziara ya Sayyid Baghali Shah. Madereva wa malori na mabasi husimama pale, wakasali au wakasoma fatiha, wakatoa sadaka, ndipo wakaendelea. Nimewahi kusikia vijana wakiwacheka. Wanavyuoni wana maneno yao kuhusu ziara na mimi si mwanachuoni. Lakini kama dereva nimeona faida moja isiyohitaji fatwa: mtu aliyeendesha saa nne amesimamisha gari, amenawa uso, amenyosha miguu. Safari ya zamani iliwalazimisha mashujaa wake kusimama vituoni, karatasi zao zigongwe muhuri. Kijana wa saa mbili na nusu hasimami popote ila kwenye petroli.

Liko linaloweza kufanyika, na si kuwapigia vijana kelele. Kaunti ya Taita Taveta ina njia za vumbi nyingi zisizo na watu, ina mashamba makubwa ya mkonge, ina milima. Ina reli mpya isimamayo Voi tangu 2017, na barabara ya Mwatate hadi Taveta ambayo zamani ilikuwa vumbi tupu leo ni lami. Pakipatikana uwanja uliofungwa, wenye gari la wagonjwa na watu wa kupima muda, wale vijana sita wangelipa kiingilio kwa furaha, wangelala hotelini Voi, na wangejua kwa hakika Golf na BMW nani zaidi. Wengi wao, naamini, wangegundua jioni hiyo kuwa breki zimekwisha kabla ya injini.

Narudi kwa mpwa wangu. Alikwisha kupenda BMW, na muuzaji mmoja alikwisha kumwambia kuwa fedha zikipungua ataongezewa kwa mkopo. Nilimkumbusha habari ya riba, naye akaitikia vizuri, kwani amelelewa. Kisha nikamwambia jingine ambalo hakulitarajia: bei ya gari la namna hii ni mahari tu. Baada ya mahari pana matunzo. Giabox ya kisasa ya Kijerumani ikiharibika haifunguliwi chini ya mwembe. Yataka kompyuta, mafuta yake maalumu, na mtu aliyesomea. Shokomzoba zake ni fupi, rimu zake ni pana na tairi ni nyembamba, na shimo moja la Mazeras laweza kula mshahara wa mwezi. Ile Volkswagen ya 1962 ilishinda kwa sababu kila kilichovunjika kiliweza kufungwa.

Akaniuliza, je, kama mimi ndiye ningechagua, katika yote ya Kijerumani? Nilimwambia ukweli. Kwa kutazama, Porsche ya 1978, ile iliyoshindwa. Kwa kumiliki, Mercedes 219, yenye subira ya mtu mzima. Kwa kusafiri na mama yake kutoka Mombasa hadi Mwatate, Golf ya kawaida isiyochokonolewa, tairi nene, mwendo wa heshima. Alicheka, akasema nimemtajia magari mawili ya makumbusho na moja la mwalimu wa shule.

Hajanunua bado. Juzi usiku alinipigia simu, nikadhani atanieleza habari ya BMW. Akaniuliza kama namjua fundi mwaminifu wa Volkswagen katika mji wa Voi, na kama fundi huyo huwa gerejini Ijumaa baada ya sala.